Tarehe Niliyoiandika Mwenyewe

Kama una safari ya mbali na umeambiwa uchanjwe sindano mbili, nenda ukachanjwe zote mbili. Ningeweza kuishia hapo nikarudi jikoni. Lakini nimeamriwa niandike yote, tangu mwanzo, bila kujipamba, na aliyeniamuru ana haki ya kuniamuru. Mkono wangu wa kulia unatetemeka tangu nilipougua. Nikiandika mistari mitano naweka kalamu chini, nasubiri, halafu naendelea. Ukiona mahali nimerukaruka, ujue ni mkono, si ujanja. Ujanja nimeuacha.

Jina langu ni Gaudensia. Nimezaliwa Mbuba, wilaya ya Ngara, nikaolewa Nyamigogo, Biharamulo, na Renatus, mkulima wa mahindi na maharage. Dada yake, Adventina, ndiye wifi yangu. Ni mjane, anaishi na mwanawe na mkwewe nyumba ya pili kutoka kwetu. Miaka ishirini na kitu tunagombana juu ya chumvi ya mboga na bado tunakula sahani moja. Wote wawili tumo kwenye kikundi cha kinamama wafugaji wa nyuki. Yeye ni fundi. Anafungua mzinga taratibu, nyuki wanamtembelea mikononi, na hashtuki. Mimi ni katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Nisahihishe: ulikuwa unasomeka.

Parokia moja ya milimani huko Austria, rafiki wa parokia yetu, ilialika wawili kati yetu tukaone wanavyofuga nyuki. Kikundi kikamchagua Adventina kwa ufundi na mimi kwa kalamu. Barua ya mwaliko ilisema wazi kwamba kwenye majani ya kule kuna kupe wanaoambukiza homa ya ubongo, na kwamba kabla ya safari tuchanjwe sindano mbili, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza. Wenyeji wakahangaika mpaka chanjo ikapatikana Mwanza. Tulikwenda, tukachomwa ya kwanza, nesi akaandika kadi mbili akanikabidhi zote. "Mama, ya pili msiikose," aliniambia. "Hii ya kwanza peke yake haiwatoshi." Aliniambia mimi. Adventina alikuwa ameshatoka nje kununua machungwa ya njiani.

Siku ya sindano ya pili ikaangukia siku ya kurina asali ya kwanza baada ya masika. Wageni kutoka wilayani walikuwa wanakuja kuona mizinga yetu, na mimi nilipangiwa kusoma risala. Nilikuwa nimeshona kitenge. Sitasema nilizuiwa na mvua, wala na mgonjwa, wala na gari kuharibika. Nilitaka kusimama mbele ya watu na kitenge changu kipya nisome risala. Kwa hilo tu, sikwenda Mwanza.

Adventina alikumbuka. Wiki moja kabla ya siku yenyewe aliniuliza, "Wifi, ile sindano ya pili tunakwenda lini?"

Hapo lazima niwaeleze habari za papasi. Nyumba za zamani za kwetu Mbuba, zile za udongo, zina papasi kwenye nyufa za sakafu. Ni ndugu wa kupe, hawaruki, wanatoka giza likiingia, wanakunywa damu na kurudi nyufani. Mgeni akilala humo siku chache anashikwa na homa kali inayokwenda na kurudi. Mwenyeji aliyeumwa tangu utoto anajikuna tu na kwenda shambani. Ndiyo maana wazee wetu Wahangaza waliamini kuumwa na papasi ni kinga, na kinga hiyo huisha ukikaa mbali na nyumbani. Nilipoolewa, bibi yangu alifagia vumbi la jikoni kwake pamoja na papasi wawili watatu, akalifunga kwenye pindo la kanga yangu, akaniambia nikalimwage kwenye sakafu ya nyumba yangu mpya ili mwili usije ukasahau. Nililimwaga njiani, Nyakahura, kwa aibu. Lakini maneno ya bibi hayakumwagika.

Basi nikamjibu wifi, "Nimeshampigia nesi. Amesema kwa watu waliozoea papasi, sindano moja inatosha."

"Mimi papasi sikuzoea. Kwetu hawapo."

"Basi tutakwenda Mbuba ukaumwe."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Na kweli tulikwenda. Tulilala siku mbili kwenye jiko la zamani la bibi, mama yangu akitutazama kama wendawazimu wawili. Adventina alimpigia magoti, "Shikamoo mama," na mama akamwitikia, "Marahaba mwanangu. Huyu binti yangu amekuleta kuliwa na wadudu?" Asubuhi wifi alikuwa na madoa mekundu kiunoni, ananionyesha kwa fahari. "Tayari nimechanjwa Kihangaza," alisema. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka akiwa amenyanyua mikono yote miwili.

Wenyeji wetu wa Austria walipoomba nakala za kadi, nilikaa mezani, nikachukua kalamu ya bluu inayofanana na ya nesi, nikaandika tarehe ya sindano ya pili. Kwenye kadi yangu, kisha kwenye yake. Niliiga mpaka ule mkia alioutia kwenye namba saba.

Ya Austria sitayaandika mengi. Watu wema, milima ya kijani, maziwa mengi kuliko chai. Mama mwenyeji alitusihi kila jioni tujikague miili kama kuna kupe. Tulimwona mwoga. Sisi tuliokulia kwenye mazizi ya mbuzi tufundishwe kupe? Siku chache kabla ya kurudi, Adventina alimkuta mmoja nyuma ya goti, mdogo kama mbegu ya ulezi. Nikamng'oa kwa kucha nikampasua kidoleni. "Hata hajashiba, maskini," nikasema. Wangu nilimkuta kiunoni kesho yake.

Tulirudi katikati ya kiangazi, barabara yote vumbi. Siku ya nne homa ikanikamata, na kesho yake ikamkamata wifi. Tulipima malaria zahanati, haikuonekana. Viungo viliuma, tukanywa panadol, na baada ya siku kadhaa homa ikatuacha wote. Tulishukuru Mungu. Adventina alirudi kwenye mizinga, mimi nikaanza kuandika taarifa ya safari. Kama wewe umewahi kupata nafuu ya namna hiyo, unajua jinsi inavyodanganya.

Ilirudi baada ya wiki. Kichwa kiliniuma nikawa siwezi kutazama mlango uliofunguliwa, mwanga ulinichoma. Shingo iligoma. Nilikuwa nikitaka kusema "sufuria" nasema "kile, kile," na Renatus ananitajia vyombo vyote vya jikoni kimoja kimoja. Akatupeleka hospitali ya Biharamulo mjini, mimi na dada yake, siku moja.

Kama utafika kwenye benchi la kusubiri, nenda na kanga ya ziada ya kujifunika uso. Hilo hakuna atakayekuambia. Mimi nililala kichwa mapajani mwa mume wangu, na Adventina akaegemea bega lake la upande wa pili, naye Renatus amekaa wima katikati hathubutu hata kupiga chafya. Mama mmoja nisiyemjua, aliyekuja na mtoto wake mwenye kikohozi, alitupisha kwenye foleni bila kuombwa. Sikupata kumshukuru. Nimemwombea kila Jumapili.

Mimi sikupotewa na akili. Adventina alipotewa. Siku ya pili wodini alianza kuongea na nyuki. Alikuwa anawabembeleza, "Tulieni, tulieni, nachukua kidogo tu," na mkono wake wa kushoto unafunua mfuniko usiokuwepo. Wa kulia ulilala kitandani. Nilidhani umechoka. Kesho yake haukunyanyuka, wala kesho kutwa yake. Madaktari hawakuchelewa, walituweka kwenye gari la wagonjwa kwenda hospitali kubwa Mwanza. Barabara ileile ambayo sikutaka kuipita kwa ajili ya kitenge changu.

Mwanza tulipokelewa na daktari kijana, mpole, mwenye tabia ya kuvuta kiti na kukaa kabla ya kuuliza. Alimwuliza Renatus, Renatus akasema mimi ndiye niliyesafiri, basi akanigeukia.

"Mama, mlikuwa Ulaya. Huko kuna homa ya ubongo ya kupe. Mlichanjwa?"

"Ndiyo, daktari."

"Sindano zote mbili?"

Renatus alikuwa amesimama pale na beseni la nguo za dada yake. Nilikuwa na kichwa kinachopasuka, lakini nisisingizie kichwa. Nilijua ninachoulizwa.

"Zote."

Akaomba kadi. Nikazitoa kwenye mkoba, akazisoma pande zote, akazirudisha. Akaandika kitu, na kuanzia hapo akaanza kutafuta kwingine. Wifi yangu alitolewa maji ya mgongo mara ya pili, na mara ya tatu. Akaanzishiwa dawa za kifua kikuu cha ubongo, vidonge vingi vilivyomfanya atapike mpaka nyongo na macho yakawa ya manjano. Mimi nilikuwa kitanda cha jirani, napata nafuu. Kila alipotapika nilijifunika shuka.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha uchi wangu, na aliyeumwa uchungu ni mwingine.

Familia nayo ilianza kulegea. Renatus alikuwa akinilisha mimi kwanza ndipo anakwenda kwa dada yake, na ndugu zao walipokuja wakamwambia mbele yangu kwamba mke hupatikana, dada wa tumbo moja hapatikani. Siku iliyofuata alianza na dada yake, na uji wangu ukaja umepoa. Nilitamani anipe uliopoa maisha yangu yote. Mama mmoja, aliyekuwa anamuuguza mumewe wodi ya wanaume, alikuwa anakuja kila mchana kumpaka Adventina mafuta mkono wa kulia, anaunyoosha kidole kwa kidole. "Usipozoezwa utasinyaa," alisema. Nilipoweza kusimama nikaichukua kazi hiyo. Ulikuwa umeshaanza kusinyaa, begani pamekuwa shimo.

Wiki ya tatu nilimfuata daktari kwenye ukumbi, nimeshika ukuta kwa sababu sakafu ilikuwa bado inayumba. Nikamwambia. Kadi ni uongo, sindano ilikuwa moja, mwandiko ule ni wangu.

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alivuta kiti akakaa, mimi nikabaki nimesimama.

"Mama, ugonjwa huo hauna dawa ya kuuua. Tungemtunza tu mpaka mwili ushinde, kama tulivyokutunza wewe," alisema. "Lakini vidonge hivi nisingempa. Na sindano ya pili ndiyo iliyokuwa kinga yenu."

"Mkono wake utarudi?"

"Sijui. Labda kidogo."

"Usimwambie, daktari. Nakuomba."

"Mimi sitamwambia. Hiyo si kazi yangu."

Damu ikapelekwa kupimwa mbali, majibu yakaja kama nilivyoyajua, dawa zile zikasimamishwa. Adventina akaelezwa jina la ugonjwa wake. Nilikuwepo. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa ile sauti yake mpya, nzito, "Lakini sisi tulichanjwa."

Tulirudi Nyamigogo mvua za vuli zimeanza, watu wanapanda maharage. Mimi nilikuwa natembea. Mkono ulikuwa unatetemeka na nilikuwa nasahau nilichokwenda kuchukua ndani, ila mtu asiyenijua asingegundua. Adventina ilimbidi ajifunze kula kwa kushoto, kujifunga kanga kwa meno, kuchana nywele kwa kuinama. Mizinga hakuirudia. Mzinga haufunguliwi kwa mkono mmoja. Alikwenda mara moja akasimama mbali, akasikiliza, akarudi nyumbani.

Na hapo ndipo uongo wangu ulipoota miguu. Kila aliyekuja kumpa pole aliondoka na habari moja: Adventina alichanjwa Mwanza, nesi mwenyewe akamthibitishia inatosha, na mtazameni. Kinamama wakaanza kusemezana kwenye kisima. Siku ya kliniki ya watoto benchi la zahanati likabaki na nafasi. Nilipita pale nikaona, nikaharakisha.

Yule nesi wa Mwanza, aliyenionya kwa mdomo wake, Adventina alikuwa anamlaani kila jioni. "Mungu amwonyeshe," anasema. Mimi nameza ugali.

Msimu wa mvua ulikuwa unakwisha nilipomkuta uani kwake, amebana kikapu cha maharage kwa magoti, anapukuchua kwa mkono wa kushoto. Mjukuu wake wa miezi tisa, Neema, alikuwa amekaa kwenye mkeka anachezea maganda. Leokadia, mkwewe, alitoka ndani amevaa za kutokea.

"Mama, leo ni siku ya Neema ya surua," alisema kwa woga. "Naomba nimpeleke."

"Hachomwi mtoto hapa," Adventina akajibu bila kuinua kichwa. "Nilichomwa mimi, ukaona. Leta ndoo."

Leokadia akanitazama mimi. Machozi yalikuwa yanamlenga. Miaka ya nyuma, kabla sijaolewa, surua ilipita Mbuba, na mdogo wangu wa mwisho hakuvuka. Adventina anajua, nilimsimulia mwenyewe.

Nikapiga magoti kwenye maganda ya maharage.

"Wifi, nesi sikumpigia."

Akaendelea kupukuchua.

"Sikumpigia kabisa. Alikuwa ameshaniambia moja haitoshi, siku ileile ulipokwenda kununua machungwa. Mimi nilitaka kusoma risala. Tarehe ya pili kwenye kadi yako niliiandika mimi. Na daktari aliponiuliza nikamwambia zote mbili. Vile vidonge ulivyotapika ni mimi."

Nilisema yote, hata kitenge. Nilipomaliza alikuwa ameshika ganda moja, hajalifungua. Kuku walikuja wakala yaliyomwagika na hakuna aliyewafukuza. Nilitegemea anipige kwa ule mkono uliobaki, na ningemshukuru.

"Nilimlaani mtoto wa watu," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Jioni zote hizo. Na wewe unakula."

"Ndiyo, wifi."

Akasukuma kikapu. Alisimama kwa taabu, akamwambia Leokadia alete kadi ya mtoto. Kumbe Leokadia alikuwa ameificha chini ya godoro, akaileta mbio. Akanyoosha mikono amchukue mwanawe, Adventina akakataa.

"Nimemzuia mimi, nitampeleka mimi." Akanigeuzia mgongo na kuinama. "Nifunge."

Nikamweka Neema mgongoni kwake, nikazungusha kanga, nikakaza fundo juu ya kifua chake kwa mikono yangu, wa kulia ukitetemeka. Fundo lilitoka baya, nikalirudia. Bega lake la kulia lilikuwa mfupa mtupu chini ya kidole changu. Hakunitazama.

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele, Leokadia katikati, mimi nyuma. Zahanati kulikuwa na kinamama watano tu. Wakatusogelea, wakashangaa kumwona Adventina, miongoni mwa watu wote. Mlangoni nesi aliita jina. Nikaona mkono mmoja wa wifi umeshika kadi na huohuo unataka kusukuma mlango, nikanyoosha wangu nimshikie.

"Kadi usiiguse," alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, mbele ya kinamama wote. Wakanitazama. Leokadia akafungua mlango, wakaingia, mimi nikakaa kwenye benchi. Walipoanza kuniuliza kuna nini, niliwaambia. Mmoja alisonya, akahamia mwisho wa benchi. Mwingine akanyanyuka akasema anarudi nyumbani kumchukua mtoto aliyemwacha. Ndani mtoto akalia ile sauti ya kuchomwa, kali na fupi, kisha akanyamazishwa.

Adventina alitoka akasimama mbele yangu. Aliifungua kadi kwa kidole gumba akaninyooshea usoni, mbali kidogo na mikono yangu.

"Soma."

Nikasoma tarehe. Ilikuwa ya siku ileile, kwa mwandiko wa nesi, wino haujakauka vizuri.

"Sasa wewe si ndiye katibu?" alisema. "Nenda nyumbani ukaandike."